Njooni Mtupime Masika

Barua ya wazi kwa Baraza la Madiwani na wataalamu wa ardhi, Halmashauri ya Mji wa Ifakara

Waheshimiwa Madiwani, ndugu zetu wataalamu,



Mlango wa nyumba yangu una namba tatu. Ya kwanza ni ya watafiti wa afya, wale wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambao tangu 1996 wanazunguka vijiji vya bonde hili la Kilombero wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani katangulia mbele ya haki, na kuanzia 2007 wakaja na mjini. Ya pili waliiacha makarani wa sensa ya 2022. Ya tatu ni ya anwani za makazi, operesheni ya mwaka huohuo, iliyotuletea jina la njia tuliyokuwa tukiipita miaka yote bila kuiita chochote. Namba ya nne, ile ya kiwanja, ndiyo sina. Watafiti wananijua hadi idadi ya vyandarua vyangu. Kwenye ramani ya ofisi ya ardhi, hapo ninapolala pameandikwa eneo lisilopangwa.

Neno hilo limekuwa likinikera, nikaamua siku moja kuzunguka mtaa wetu kulitafuta. Nilichokikuta ni hiki. Nyumba za zamani, zile za tofali za kuchoma zilizokwisha kuota ukungu hadi kwenye madirisha, zote ziko juu ya kingo za udongo ulioinuka, japo ukimleta mgeni hataona mwinuko wowote. Njia za baiskeli hazikunyooka, zinapinda mahali ambapo hakuna mti wala ukuta, na ukimuuliza mtoto wa shule kwa nini zinapinda atakuonyesha kwa kidole: hapo maji hukaa. Sehemu zilizoachwa wazi katikati ya nyumba zina majaruba ya mpunga, na hakuna aliyejenga hapo kwa sababu baba zetu waliwaona waliojaribu. Mtaa wetu ulipangwa, Waheshimiwa. Uliupanga mto Lumemo kwa kushauriana na wazee, na kikao hicho kilichukua miaka sitini.

Kata moja ya mji huu inaitwa Viwanja Sitini. Mahali panapopewa jina kwa idadi ya viwanja vyake ni mahali ambapo kiwanja kilichopimwa kilikuwa kitu cha kuhesabiwa, kama ng'ombe wa mahari. Wengine wote tulijenga kwanza, tukisubiri kupimwa baadaye. Hilo halikuwa na uzito sana wakati Ifakara ilipokuwa mwisho wa barabara ya vumbi, na mwenye safari ya Mahenge alilazimika kungoja kivuko. Leo lami imetoka Kidatu, Daraja la Magufuli lenye mita 384 limeunganisha ng'ambo zote mbili za mto Kilombero, na kila wiki kuna gari la kigeni linalosimama kwenye majaruba, mtu anashuka, anaangalia, anauliza bei. Ardhi yetu imeanza kuwa na thamani kabla haijawa na karatasi, na mtu akiwa katika hali hiyo usingizi wake huwa mwepesi.

Ndiyo maana kampuni ya upimaji ilipokuja tuliipokea kwa mikono miwili. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nia yangu hapa si kushtaki. Tulifanya mkutano wa mtaa, tukaunda kamati ya urasimishaji wa makazi, nami nikawa mjumbe. Tulikuwa tumesikia kwamba mwaka 2019 Wizara ya Ardhi ilishusha gharama zisizidi shilingi 150,000 kwa kiwanja, na tulijiona tuna bahati. Watu walilipa kidogo kidogo. Wengine walitoa fedha za kikoba, mama mmoja jirani yangu aliuza magunia ya mpunga aliyokuwa ameyahifadhi akingoja bei ipande. Vijana wa kampuni wakaja na vyombo vyao mwezi wa nane.

Mwezi wa nane, Waheshimiwa! Mnaujua mwezi wa nane wa Ifakara. Udongo wa mfinyanzi umepasuka hadi unaweza kutumbukiza mkono, vumbi limefunika migomba, na Lumemo yenyewe mtoto anaivuka bila kukunja kaptula. Vijana wale walitazama, wakaona uwazi mrefu ulionyooka vizuri katikati ya nyumba, wakafurahi. Wakachora barabara ya mtaa palepale. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akawaambia, wanangu, hapo ni njia ya maji. Kijana mwenye kifaa akaangalia kioo chake, akamjibu kwa adabu kabisa kwamba ramani haionyeshi mto hapo. Alisema kweli. Ramani haikuonyesha.

Bikoni zikapandwa. Masika yalipofika, barabara yetu mpya ilikuwa na maji ya kiuno, na watoto walikuwa wakivua kambare kwenye jiwe la mpaka. Kampuni nayo ilikuwa imeshamaliza fedha, simu hazipatikani, michoro haijaidhinishwa. Hadi leo bikoni zipo. Tumezizoea, tunafungia mbuzi.

Nimesimulia kwa kirefu kwa sababu mambo mawili yaliharibika pale, na watu huwa wanaona moja tu. Wanaona fedha. Fedha zinauma, na nitarudi kwazo. Lakini hata kampuni ile ingekuwa aminifu kuliko malaika, hata hati zingetoka siku ileile, tungekuwa na hati safi za barabara iliyo ndani ya mkondo na nyumba zenye namba ya kiwanja zinazoingiwa na maji ya choo cha jirani kila Aprili.

Bonde hili si mahali pa kupimwa kwa macho ya kiangazi. Milima ya Udzungwa iko upande mmoja, ya Mahenge upande wa pili, nasi tuko chini kwenye sahani. Maji yanayokusanyika huku ndiyo sehemu kubwa ya mto Rufiji, ndiyo yanayojaza Bwawa la Julius Nyerere. Na tangu 2002 dunia nzima imelitambua bonde la Kilombero kuwa ardhi oevu ya kulindwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Wandamba waliliishi bonde hili kwa mitumbwi, na kwa madungu, vile vibanda vya juu ya miti vya kulindia mpunga. Hawakuhitaji kuambiwa kwamba ardhi ya hapa ina sura mbili kwa mwaka. Masika ya 2024, mvua za El Nino zilipojaza mito ya bonde zima, kila mwenye macho aliona ni nyumba zipi zilizingirwa, ni njia zipi zilipitika na ni uchochoro upi uligeuka kijito. Kwa wiki kadhaa mji wetu ulijichora wenyewe kwa maji, bure, kwa usahihi ambao hakuna chombo kitakachoufikia. Kisha jua likawaka, na ramani ile ikafutika kila mahali isipokuwa vichwani mwa watu.

Hivyo ombi langu la kwanza ndilo kubwa, na mengine yote ni matawi yake. Kabla ya kiwanja hata kimoja kupimwa, mtaa uchore ramani ya maji. Ichorwe masika, wataalamu wenu wakiwa ndani ya mabuti pamoja nasi, kaya kwa kaya: hapa yalifika wapi, yalitoka upande gani, yalikaa siku ngapi, choo cha nani kilifurika na cha nani kilitapishwa kwa makusudi usiku. (Ndiyo, tunatapisha vyoo. Mnajua na sisi tunajua. Nani atalipa gari la maji taka ambalo haliwezi kuingia uchochoroni?) Ramani hiyo ndiyo iamue mitaro ipite wapi, mitaro iamue barabara, na barabara ndizo ziamue mipaka ya viwanja. Tumezoea kwenda kinyume: kiwanja kwanza, kisha barabara, mtaro ukibaki kuwa jambo la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, la siku za usoni.

Sheria haituzuii. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kuanzia kifungu cha 56 hadi cha 60, inaposema juu ya mpango wa urasimishaji inataka wenye ardhi wahusishwe katika kuutekeleza. Tatizo ni tafsiri ya neno kuhusishwa. Kwetu limekuwa na maana ya kusaini mahudhurio.

Wala sizungumzi ndoto. Dar es Salaam, pale Kinondoni, ukingoni mwa bonde la Msimbazi, kuna mtaa unaoitwa Hanna Nassif. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hali yake ilikuwa kama yetu: watu maelfu, hakuna mipango, maji yakija yanaingia ndani. Wakazi wakapaza sauti, wakasikilizwa, na kati ya 1994 na 2000 wakajenga mitaro na barabara za ndani wakishirikiana na serikali, Shirika la Kazi Duniani, wafadhili wengine, na wataalamu wa kilichokuwa Chuo cha Ardhi. Jambo la kujifunza kwao ni namna kazi ilivyotolewa. Mkataba wa ujenzi ulikwenda kwa kamati ya wakazi, mkandarasi wa nje hakuwa nao. Aliyechimba mtaro alikuwa mtu wa Hanna Nassif, mwanamke au mwanamume, akilipwa ujira, akisimamiwa na fundi, na jioni akirudi kulala mita hamsini kutoka kwenye mtaro wake. Mtu hawezi kuiba saruji ya mtaro unaopita mlangoni kwake. Au akiiba, mvua ya kwanza itamtaja.

Na kumbukeni mitaro ilitangulia. Hati hazikuwa ndizo zilizofungua mlango.

Nisiwapambie. Hanna Nassif ilikuwa na makovu yake. Wakazi waliweka hadi kizuizi cha kutoza magari ili wapate fedha za matengenezo, lakini kusafisha mitaro baada ya wafadhili kuondoka kulikuwa mzigo, kama ilivyo kila mahali. Kovu kubwa zaidi ni kodi za nyumba. Mtaa ulipokauka na kupata barabara, wenye nyumba walipandisha kodi, na baadhi ya wapangaji wakasogea kwenda kutafuta vyumba vya bei nafuu mabondeni kwingine. Mtu aliyechimba mtaro kwa chepe lake akahamishwa na mtaro.

Hapa nataka mnisikilize hasa ninyi Madiwani, maana kwenye mikutano yetu ya mtaa mpangaji haongei. Anakaa nyuma, kwa sababu anajua ajenda ni viwanja na yeye hana. Lakini Ifakara ni mji wa wapangaji kuliko tunavyokiri. Kuna wauguzi wa hospitali, wanafunzi wa vyuo, vijana waliotoka Mlimba na Malinyi kuendesha bodaboda, wafanyabiashara wa mchele wanaokaa msimu mmoja. Choo kilichofurika kinaingia chumbani mwa mpangaji kabla hakijamfikia mwenye nyumba, ambaye mara nyingi haishi hapo. Ramani ya maji bila wapangaji itakuwa na matobo. Natamani kila kamati ya mtaa iwe na viti vya wapangaji vinavyojulikana, na mwenye nyumba anayenufaika na mtaro wa nguvu za wananchi akubali mbele ya mkutano kwamba kodi haitaguswa kwa muda watakaokubaliana. Najua hamna sheria ya kumlazimisha. Mna mkutano wa hadhara, na katika mji mdogo mkutano wa hadhara una meno.

Kuhusu vikao vyenyewe, majirani zetu wa Kenya wana la kutuonyesha. Mukuru, Nairobi, ilitangazwa mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi wake wakajipanga kwa vikundi vidogo vya kaya zinazopakana, kila kikundi kikituma mjumbe ngazi ya juu yake, mpaka sauti ya uchochoro ikafika kwenye meza ya wahandisi. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Sisi tuna nyumba kumi tangu enzi za TANU! Mfumo upo, wajumbe wapo, daftari lipo. Tunauamsha kukiwa na uchaguzi, msiba au mwizi.

Sasa fedha. Msituambie tumkabidhi mtu mwingine michango yote mkononi. Michango iingie kwenye akaunti ya mtaa yenye saini za kamati na za halmashauri, na kampuni ilipwe kwa hatua: ramani ya maji imebandikwa ubaoni na mkutano umeikubali, sehemu ya kwanza itoke; mchoro wa mipangomiji umeidhinishwa, ya pili; bikoni zimepandwa na bado zinaonekana baada ya masika moja, ya tatu. Kampuni zitalalamika kwamba ni muda mrefu. Zilalamike. Sisi tumeshangoja zaidi ya hapo kwa kulipa mapema.

Kuna jambo moja ninaloliandika mkono ukiwa mzito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wako majirani zangu walio ndani ya mita ishirini kutoka Lumemo. Ramani ya maji tutakayoichora wenyewe itawahukumu, na baadhi yao ndio watakaotuonyesha alama za maji ukutani. Tutawaambia nini? Nionavyo mimi, wengine watalazimika kuondoka, na ni afadhali tuliseme sasa, tukiwa wakavu, kuliko kusemewa na tingatinga. Lakini waondoke kwenda wapi? Kiwanja cha fidia porini, kilomita kumi kutoka sokoni, hakimsaidii mama anayeuza samaki wa kukaanga jioni. Atakiuza na kurudi mtoni kupanga.

Kurasini, bandari ya Dar es Salaam ilipopanuliwa, wapo waliobomolewa ambao hawakustahili fidia kwa kuwa walikuwa wapangaji. Baadhi yao, wakiwa wanachama wa vikundi vya kuweka akiba vya Shirikisho la Maskini wa Mijini Tanzania, walichanga, wakanunua ardhi ya pamoja Chamazi, wakajenga nyumba za bei nafuu wakifyatua tofali wenyewe. Haikuwa rahisi, Chamazi ni mbali na mkopo wa nyumba unalipwa kwa jasho. Lakini walichagua wenyewe mahali na jirani. Halmashauri ikitenga eneo lililoinuka, karibu na mji, kabla bei haijapaa, watu wetu wa kando ya Lumemo wanaweza kufanya kama wao. Tofali tunazijua. Pumba za mpunga za kuchomea tanuru zinaoza mashineni.

Na wale wa pembezoni, waliopata hati za hakimiliki ya kimila wakati wa programu ya umilikishaji ardhi iliyopita Kilombero, Ulanga na Malinyi kati ya 2016 na 2019, wanauliza karatasi zao zitakuwaje mji ukiwameza. Wajibiwe kwa maandishi, kijiji kwa kijiji. Uvumi unauza mashamba kwa bei ya kutupa.

Mtaniuliza, je, watu wenu watajitokeza kweli? Tuache maneno matamu ya nguvu za wananchi. Nguvu hizo zimeshachimbishwa misingi mingi ya madarasa bila kuulizwa. Lakini nakumbuka miaka ya 1990 mwishoni, vyandarua vilivyotiwa dawa vilipoanza kuuzwa bondeni kwa jina la Zuia Mbu. Vilikuja kwa kuuzwa na wenyeji, dukani kwa mtu unayemfahamu, kwa jina la lugha yetu, baada ya watu kuulizwa wanavyolala na wanavyoumwa. Sasa mnakuta chandarua hata kwenye dungu la shambani. Bonde hili halijawahi kukataa jambo lililoanza kwa kuulizwa.

Basi tunawaalika. Kamati yetu imekubaliana kuanza kuchora wiki ya pili ya Aprili, mvua ikinyesha, isiponyesha tunasubiri inyeshe. Tutaanzia kwa yule mzee wa kigoda, saa mbili asubuhi, tufuate maji yanakokwenda hadi yatakapotuacha. Karatasi kubwa tumenunua, kalamu za rangi tumeazima shuleni, mwenye simu ya kupiga picha yupo. Mabuti ya mpira tunayo jozi nne tu. Atakayekuja kutoka ofisi ya ardhi aje na ya kwake, na kama anavaa viatu vya kung'aa aviache kwangu. Mlango ni ule wenye namba tatu.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mjumbe wa kamati ya urasimishaji ya mtaa, Ifakara